Mapango na Vilele vya Schwäbische Alb: Fuata Maji

Wageni wangu wakishuka stesheni ya Reutlingen, kusini-magharibi mwa Ujerumani, huuliza swali lilelile: milima yenyewe iko wapi? Nawaonyesha upande wa kusini. Wanaona ukingo mrefu wa kijani, bapa juu kama meza, kisha wananitazama kwa huruma. Huo ndio ukingo wa Schwäbische Alb, na kilele chake kirefu kuliko vyote, Lemberg, kina mita 1,015 tu. Mji wa Arusha uko juu kuliko hapo.

Siwabishii. Nawaambia Alb haitazamwi kwa kuinua shingo. Ni nyanda ya mawe ya chokaa yaliyotandikwa na bahari zama za Jura, rika moja na mawe ya mapango ya Amboni kule Tanga, na ndani yake yamejaa matundu. Mvua ikinyesha juu haikai. Inapenya kwenye nyufa, inayeyusha jiwe kidogo kidogo, inachimba njia zake gizani, halafu inatokea chini ya mlima kama chemchemi. Ndiyo maana vijiji vya juu viliteseka kwa kiu miaka mingi, watu wakikinga maji ya mapaa na kunywesha ng'ombe kwenye madimbwi, mpaka miaka ya 1870 yalipoanza kupandishwa kwa pampu kutoka mabondeni. Aliyekulia Lamu au Makunduchi, juu ya mawe ya matumbawe, ataelewa bila kuelezwa.

Kwa hiyo safari ninayoipanga hapa inafuata maji: siku mbili, kwa treni na miguu, bila gari.

Hatua ya 1: Chagua mwezi kabla ya kuchagua pango

Sheria ya Ujerumani inakataza kuingia kwenye mapango ambamo popo hulala majira ya baridi, kuanzia Oktoba 1 hadi Machi 31. Popo aliyelala anaishi kwa mafuta aliyojiwekea mwilini. Ukimwamsha anayachoma, na nje hakuna mdudu wa kula mpaka joto lirudi. Mapango ya watalii yameachwa nje ya katazo hilo, lakini mengi hufungwa yenyewe majira hayo. Mwaka wangu wa kwanza niliwapeleka rafiki zangu watatu kwenye pango moja katikati ya Novemba, basi mbili na kutembea nusu saa. Tulikuta geti na kufuli. Tulikula chapati zetu palepale, tukarudi.

Njoo kati ya Mei na Septemba. Usiku wa kabla ya safari fungua tovuti ya pango lenyewe uangalie siku na saa, na kumbuka kutafsiri saa: wakiandika 14:00 ni saa nane mchana. Nimeona watu wazima wakikosa ziara kwa hilo.

Hatua ya 2: Jifunze maneno machache ya ramani

Huhitaji Kijerumani kingi. *Höhle* ni pango. *Fels* ni mwamba, na juu yake mara nyingi kuna mandhari. *Quelle* ni chemchemi. *Topf* ni chungu, lakini kwenye ramani ya huku ni chemchemi yenye kina. *Trockental* ni bonde kavu, yaani mto uliohamia chini ya ardhi. *Trauf* ni ule ukingo wenyewe wa Alb.

Njiani fuata alama zilizopigiliwa kwenye miti. Nyingi zimewekwa na Schwäbischer Albverein, chama cha watembea kwa miguu kilichoanzishwa 1888. Pembetatu nyekundu ni ya njia kuu ya ukingo wa kaskazini, kutoka Donauwörth hadi Tuttlingen, na ncha yake huelekea Tuttlingen. Ukiijua hiyo moja hupotei hata simu ikizima.

Hatua ya 3: Vaa kwa ajili ya chini, si kwa ajili ya juu

Nje kunaweza kuwa na joto la digrii 30. Ndani ya pango ni digrii 8 hadi 10, Januari na Julai. Beba koti hata kama jua linakuchoma.

Viatu ndivyo ninavyovisisitiza mpaka watu wanachoka nami. Chokaa ikilowa inateleza kama sabuni, na majani makavu yakiwa juu yake huoni unapokanyaga. Mimi nilishuka mteremko mmoja na raba zilizolika soli. Hatua ya tatu nilikuwa nimekaa, ya nne haikuwepo. Kiwiko kilinisumbua mwezi mzima. Tafuta viatu vyenye meno.

Msituni na kwenye nyasi ndefu kuna kupe, na eneo hili ni la hatari kwa ugonjwa wa ubongo wanaoueneza, ambao Wajerumani huuita FSME. Upo ugonjwa, na chanjo ipo. Jioni jikague nyuma ya magoti na kwapani, na watoto uwakague kichwani pia.

Hatua ya 4: Siku ya kwanza, Blaubeuren na Schelklingen

Panda treni Ulm kuelekea Sigmaringen, ushuke Blaubeuren. Tembea hadi Blautopf, "chungu cha buluu". Ni bwawa la duara, kina chake mita 21 hivi, lenye rangi ambayo mara ya kwanza nilidhani wametia dawa. Ni chembechembe za chokaa majini zinazotawanya mwanga. Wenyeji wa zamani waliamini halina mwisho: kila waliposhusha timazi kupima kina, binti wa majini aliinyakua. Anayekulia pwani hashangai. Kilichopo nyuma ya bwawa kinashangaza zaidi ya jini: wapiga mbizi wamefuata maji humo na kukuta kumbi kubwa zenye hewa, na Jochen Hasenmayer alifika kwenye ukumbi wa kwanza mwaka 1985.

Baada ya mvua kubwa buluu hugeuka kijani, hata kahawia. Usikasirike. Tope hilo ni mvua iliyonyesha juu ya nyanda, na sasa unaiona ikitoka.

Kisha panda treni tena hadi Schelklingen, utembee hadi Hohle Fels. Unapita kwenye njia fupi nyembamba, halafu dari inaondoka ghafla, unasimama ndani ya ukumbi kama msikiti mkubwa uliozimwa taa. Mwaka 2008 wachimbaji walipata humu kijisanamu cha mwanamke cha pembe ya mamothi, tembo wa kale mwenye manyoya, kirefu sentimita 6 hivi, kisicho na kichwa ila kitundu cha kupitishia uzi. Kina miaka kati ya 35,000 na 40,000. Katika uchimbaji huohuo ilipatikana filimbi ya mfupa wa tai mzoga yenye matundu matano ya vidole. Tangu 2017 pango hili na mengine matano ya mabonde ya Ach na Lone yako kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO. Sanamu yenyewe iko kwenye jumba la makumbusho Blaubeuren. Ione kabla ya kwenda pangoni, utajua unachokifikiria ukiwa gizani.

Hatua ya 5: Ongeza pango moja la miguu au la mtumbwi

Mwenye magoti mazuri aende Laichinger Tiefenhöhle, aliloligundua mchimba mchanga Johann Georg Mack mwaka 1892. Unashuka kwa ngazi za chuma hadi mita 55 chini ya ardhi. Mwenye magoti kama ya mama yangu aende Wimsener Höhle karibu na Hayingen: unakaa kwenye boti, unaingizwa mita 70 hivi, na kazi yako yote ni kuinamisha kichwa.

Hatua ya 6: Pango lisilo na tiketi, ishia mlangoni

Falkensteiner Höhle, juu ya Bad Urach, ni pango lenye mto ndani. Julai 2019 mvua ilijaza maji njia ya kutokea, watu wawili wakanaswa, na waokoaji wakafanya kazi kubwa kuwatoa hai. Nje jua linaweza kuwa limesharudi wakati maji ya ndani bado yanapanda. Bila kibali cha mji, kiongozi anayelijua na vifaa kamili, usiingie mapango ya aina hii. Kwa mapango madogo yaliyoruhusiwa: taa mbili kila mtu, hakuna moto, usiguse mawe yanayoning'inia, na mwachie mtu wa nyumbani saa ambayo usipopiga simu atapiga 112, namba ya dharura.

Hatua ya 7: Siku ya pili, panda ukingo

Kutoka Ulm pita Plochingen na Metzingen hadi kituo kinachoitwa Bad Urach Wasserfall. Maporomoko yenyewe yanaanguka mita 37 kwenye jukwaa la kijani la jiwe ambalo maji yalilijenga yenyewe: chokaa yaliyoiyeyusha juu, huku yanaitua, tabaka juu ya tabaka, juu ya ukoka na majani. Chungulia ukingoni pa kijito utaona kijiti kilichovikwa jiwe.

Endelea kupanda hadi Rutschenfelsen. Hapo msitu unakatika na bonde liko chini ya vidole vya miguu, hakuna uzio sehemu nyingi, watoto washikwe mikono. Ukikutana na wenyeji sema "Grüß Gott". Usipoitikia salamu huku wanakushangaa kama kwetu tu.

Anayeng'ang'ania kilele cha juu kabisa atenge siku ya tatu kwa Lemberg, kupitia kijiji cha Gosheim. Juu kuna mnara wa chuma wa 1899, wenye mita 33, kwa sababu bila huo unaona miti tu. Hewa ikiwa safi utaiona milima ya Alps yenye theluji.

Kabla ya kupanda treni ya kurudi, gonga viatu kwenye jiwe mpaka udongo uishe. Tope la Alb likikauka huwa jeupe kama unga wa muhogo, na kiti cha treni hakifichi kitu.