Umekuta msimbo wa gemu ya zamani? Fanya haya kabla ya kuupakia

Mwaka juzi nilinunua diski ya mtumba Kariakoo kwa ajili ya kompyuta ya mteja. Nilipoichungulia kabla ya kuifuta, nikakuta msimbo, yaani maandishi ya programu, wa gemu ambayo haikuwahi kuingia sokoni, pamoja na toleo la majaribio linalowaka. Nilitamani kuupakia mtandaoni usiku ule ule. Sikufanya hivyo, nawe mdogo wangu usifanye.

Ulichonunua ni diski. Hakimiliki ya kilichomo ni ya aliyekiandika au ya kampuni iliyomwajiri, na kampuni ikifa, haki zake huuzwa kama mali nyingine. Usitegemee umri pia. Marekani, kazi ya kampuni iliyotoka mwaka 1990 inalindwa hadi mwisho wa 2085, na Tanzania imo katika Mkataba wa Berne, mkataba wa kimataifa wa hakimiliki, tangu 1994, kwa hiyo kazi ya Mmarekani inalindwa hata hapa.

Kisha ipasue gemu vipandevipande, uulize kila kipande ni cha nani. Hapa ndipo wengi huteleza. Chukua Doom, gemu maarufu ya kupigana risasi. Kampuni iliyoitengeneza, id Software, ilipotoa msimbo wake Desemba 1997, haikutoa picha, ramani wala muziki. Hivyo vimo kwenye faili la WAD, na hadi leo vina mwenyewe. Unaweza kugawa injini, yaani programu inayoiendesha gemu. WAD ya gemu kamili huwezi. Waliotaka gemu huru nzima walianzisha mradi wa Freedoom na kutengeneza picha, sauti na ramani zao wenyewe. Tena wenye gemu nao walibanwa: programu ya sauti ya toleo la DOS, mfumo wa kompyuta wa zamani, ilikuwa ya mtu mwingine, wakalazimika kutoa msimbo wa toleo la Linux, mfumo mwingine. Leseni ya kwanza ilikataza biashara. GPL, leseni huria inayoruhusu hata biashara, ilikuja 1999. Basi soma faili la leseni lililo ndani ya nakala uliyoishika wewe, usitegemee unachosikia.

Kuandika upya msimbo kwa kuichambua programu iliyokamilika nako si kinga. Waliofanya hivyo kwa Grand Theft Auto III na Vice City walishtakiwa na Take-Two, kampuni yenye gemu hizo, mwaka 2021.

Kwenye diski yangu kulikuwa na jambo lililonigusa zaidi: barua pepe za wafanyakazi, nywila, hata orodha ya mishahara. Watu hao wapo hai. Mambo yao yasitoke kwako kwa namna yoyote. Hapa kwetu kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022.

Unachopaswa kufanya mara moja ni kutengeneza nakala ya diski nzima, bila kufungua wala kurekebisha kitu, kwa sababu diski za zamani hufa ghafla. Andika tarehe na ulikoipata. Halafu mtafute mwenye haki wa sasa, umwandikie kwa adabu ukitaja unachoomba: kutoa msimbo, kuonyesha picha tu, au kuikabidhi kwa jumba la makumbusho kama The Strong la Rochester, New York. Jibu la maandishi litunze pamoja na nakala.

Mimi nilijibiwa baada ya miezi minne. Msimbo walikataa; picha sita za skrini wakaruhusu. Hizo ndizo nilizoweka.