SOMO: Filamu ya zamani kwenye TV mpya, usiioshe punje zake

Blu-ray (diski yenye picha kali kuliko DVD) yangu ya kwanza ya filamu ya miaka ya 1950 nilidhani nimeuziwa feki. Anga lilikuwa linachemka vidoti kama mafuta kwenye karai. Nikaingia kwenye mipangilio ya TV, nikawasha kila kinachopunguza chenga, anga likatulia tuli, nikaridhika. Ilinichukua karibu mwaka mzima kugundua kwamba pamoja na vidoti nilikuwa nimefuta vinyweleo, mishono ya makoti na makunyanzi ya wazee.

Vidoti vile vilikuwa punje, na chenga na punje ni vitu viwili. Chenga ni za antena inapokosa mawimbi. Punje ndizo picha yenyewe: mkanda umepakwa chembe za madini ya fedha zinazoitikia mwanga, na kwenye mkanda wa rangi, fedha ikishaoshwa maabara hubaki vidoa vya rangi palepale ilipokuwa. Nyuma ya punje hakuna picha nyingine safi inayosubiri kufunuliwa.

Hatua ya 1: rimoti kwanza, kununua baadaye. Filamu hupigwa picha 24 kwa sekunde. TV nyingi za sasa hubuni picha za katikati ili mwendo uteleze, ndiyo maana filamu ya mwaka 1960 inaonekana kama tamthilia iliyorekodiwa studio jana. Kila kampuni ina jina lake kwa ujanja huu. Tafuta kwenye menyu neno Motion au Smooth, uzime. Zima pia kipengele cha kupunguza chenga (Noise Reduction). Ukali wa picha ushushe mpaka mistari myeupe kwenye kingo za nyuso ipotee. Kama TV yako ina Filmmaker Mode, ibonyeze tu, itakufanyia karibu yote hayo.

Hatua ya 2: acha nafasi nyeusi zikae. Filamu nyingi za kabla ya 1953, mwaka CinemaScope ilipoingia, zina umbo la karibu mraba, 1.37 kwa 1. Weusi wa kushoto na kulia ni halali yake. Ukivuta picha ijae kioo, watu wote wananenepa. Ukiikuza, unawakata vichwa.

Hatua ya 3: uliza imetoka wapi. Hapa ndipo pesa hupotea. Neno 4K (picha kali kuliko ya Blu-ray) kwenye kasha halikwambii kama walikwenda kwenye negativu ya kamera, yaani mkanda uleule uliopigiwa filamu, au walichukua skani ya zamani wakaikuza. Mfano wa kazi iliyofanyika vizuri ni Lawrence of Arabia ya 1962. Ilipigwa kwa mkanda mpana wa milimita 65, na kwa toleo la 2012 negativu iliskaniwa kwa 8K, kali zaidi ya 4K, kisha mipasuko midogo iliyotokana na joto ikazibwa kwa kompyuta. Jangwa lile lina mchanga wa kuhesabu! Upande wa pili ni Blu-ray ya Predator ya 2010, walikosafisha punje kupita kiasi hadi wanajeshi wakawa na ngozi ya nta. Mipangilio ya TV haiwezi kurudisha kilichofutwa kiwandani.

Hatua ya 4: sauti. Ingia kwenye menyu ya diski uone kama sauti ya asili ipo. Jaws ya 1975 ilitoka kwa mono (sauti ya mkondo mmoja), na kwa mono hiyohiyo ikapata Oscar ya sauti. Matoleo ya 5.1 (sauti ya spika tano na sabufa) ya filamu kama hizi hutengenezwa upya, na mara nyingine milio mipya hupachikwa. Mimi husikiliza ya asili kwanza, ya kisasa baadaye nikiwa na wageni.

MASWALI

*Mkuu, shukrani kwa somo. Nikiweka mono, spika ya kati tu ndiyo inalia. Zingine zimekufa?*
Hazijafa. Mono ni mkondo mmoja na redio yako inaupeleka kati, mahali midomo ilipo. Usiwashe vile vionjo vya "ukumbi" au "uwanja". Utasikia wahusika wanaongea kisimani.

*Sina mtambo mkubwa, nina sabufa ya spika mbili. Niongeze treble maneno yasikike?*
Hapana, ndugu. Sauti ya kwenye mkanda wa zamani ilikuwa na mvumo mwembamba wa "sss", na kumbi za wakati ule zilipunguza sauti nyembamba makusudi kuuficha. Ukiongeza treble unaukaribisha mvumo sebuleni. Punguza besi, weka spika usawa wa masikio.

*Kaka yangu yuko Marekani anataka kunitumia diski. Zitacheza Dar?*
Za UHD (diski za 4K) zitacheza, hazina kanda, yaani mgawanyo wa sehemu za dunia diski inakoruhusiwa kucheza, ila deki iwe ya UHD. Blu-ray za kawaida za Marekani ni kanda A, sisi Afrika ni B, kwa hiyo aangalie nyuma ya kasha: nyingine zimefunguliwa A, B na C. DVD ndiyo balaa, kwao ni kanda 1, kwetu 5.

*TV yangu imeandikwa HDR lakini filamu za zamani za 4K zinakuwa giza kuliko Blu-ray. Nimekosea wapi?*
Hujakosea. TV nyingi za bei ya chini hupokea HDR (picha yenye tofauti kubwa ya mwanga na giza) bila kuwa na mwanga wa kuibeba. Zima taa, ongeza mwanga wa nyuma hadi mwisho. Ikishindikana, rudi kwenye Blu-ray yako bila aibu. Ikiwa imetoka kwenye skani ileile, hupungukiwi na kikubwa kwenye kioo cha inchi 43.