Jinsi ya kumtambua konyeza anayelala chali, Mikindani

Ukiwa shambani kwenye mwani, mikono ikaanza kuwasha na hujaona kilichokugusa, usiukimbilie mwani kuulaumu. Mimi niliulaumu misimu miwili mizima. Huenda ulikuwa unachokora maji aliyolalia konyeza wa chali, mnyama wa baharini mwenye mwili laini kama ute, ambaye wataalamu humwita Cassiopea.

Hatua ya 1: Anza na mahali, si mnyama

Konyeza wengi huchukuliwa na mkondo. Huyu hukaa chini. Anataka maji matulivu, ya kina kifupi, yanayopitisha jua. Basi mtafute ndani ya ghuba, kwenye tope na mchanga kando ya mikoko, au penye vipara katikati ya nyasi bahari. Upande wa mawimbi makubwa usijichoshe. Nenda siku za bamvua, maji yakiwa yamekupwa hadi magotini, kwenye saa nne asubuhi. Vaa viatu na mikono mirefu.

Hatua ya 2: Simama, tope litulie

Hapa ndipo wengi wanapokosea, wanatembea huku wanatafuta. Simama. Maji yakishatakata utaona kitu kama ua la kahawia au la kijani lililolazwa mchangani, pengine dogo kama kisosi, pengine pana kama sahani. Tazama ukingo wake: unajikunja, unaachia, unajikunja tena, kama kifua cha mtoto aliyelala. Mwani haufanyi hivyo. Mwavuli wake, yaani ule mwili wa duara, umebandikwa chini, na mikono minane yenye matawi imeelekezwa juu. Nyuzi ndefu ukingoni hana.

Ulalo huo una sababu. Ndani ya mwili wake wanaishi vijimea visivyoonekana kwa macho, navyo hutengeneza chakula kwa mwanga wa jua na kumgawia mwenyeji wao. Rangi ile ya kahawia ni yao. Ndiyo maana humpati kwenye kina chenye giza.

Hatua ya 3: Usimchokoe kwa kijiti

Akisumbuliwa hutoa kamasi, na ndani ya kamasi mna vidonge vidogo mno vyenye chembe za kuchoma, vinavyoogelea vyenyewe. Wanasayansi walivieleza mwaka 2020 na kuviita kasiosomu. Niliposikia habari hiyo nilifarijika sana, maana kumbe maji yenyewe yalikuwa yananiwasha, si ngozi yangu iliyoharibika.

Hatua ya 4: Usimchanganye na yule wa buluu

Ukiona kiputo cha buluu kinaelea au kimetupwa ufukweni na upepo, chenye nyuzi zinazoburuta nyuma, huyo ni Physalia. Si konyeza hasa, na mchomo wake ni mkali zaidi. Hata akiwa amekauka mchangani nyuzi zake huchoma, kwa hiyo waondoe watoto haraka.

Ukichomwa

Toka majini. Suuza kwa maji ya bahari, si maji baridi ya bomba, wala usisugue kwa mchanga. Kisha loweka palipochomwa kwenye maji ya moto unayoweza kuyavumilia bila kuungua, dakika 20 au zaidi. Aliyechomwa akibanwa pumzi, akivimba uso au kifua kikimuuma, mpelekeni hospitali papo hapo.

Nikimkuta konyeza wa chali shambani kwangu simng'oi. Nachomeka kijiti chenye kitambaa chekundu hatua chache pembeni yake, ili wenzangu wanaokuja kufunga mbegu wajue pa kuzungukia.