Kabla Hujalima Tena Njiani kwa Tembo

Asubuhi ukikuta migomba imelala na jaruba limegeuka mashimo ya maji, usianze na matusi. Tafuta kamba. Zungushia unyayo wa mguu wa mbele, ule wa duara (wa nyuma umerefuka kama yai). Mzunguko huo mara mbili ndio kimo cha tembo begani, kwa makadirio. Kisha fuata nyayo zinakotoka na zinakoelekea. Zikipita palepale kila msimu, umelima ndani ya ushoroba, yaani njia ya wanyamapori kati ya hifadhi na hifadhi.

Hapa Bonde la Kilombero tembo huvuka kati ya Milima ya Udzungwa na Hifadhi ya Taifa ya Nyerere, na sisi tumejaza mpunga na miwa katikati. Ukimzibia hapa, atatokea kwa jirani. Kwa hiyo mwachieni njia kwa makubaliano ya kijiji kizima. Mkulima mmoja hawezi. Pembeni mwa njia panda ufuta, pilipili au tangawizi. Ufuta anaweza kuukanyaga, lakini hatarudi kesho kwa ajili yake. Mpunga na mahindi yasogee mbali, na yakikomaa vuneni pamoja, maana shamba la mwisho kubaki ndilo huvamiwa.

Uzio wa mizinga ya nyuki unafaa, ila una kazi. Mizinga hutundikwa kila baada ya mita 10 hivi, usawa wa kifua, ikiunganishwa kwa waya. Tembo akiusukuma, yote inatikisika na nyuki wanatoka. Wapate kivuli, maji na maua. Mizinga ikibaki mitupu, tembo atagundua upesi. Kamba za pilipili na oili chafu nazo husaidia, lakini mvua ikinyesha upake upya, na mimi sishauri oili karibu na mto.

Ukingo wa mto wenyewe usiuguse: Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingoni. Matete na miti ya hapo hushika udongo, na tembo hupata pa kunywa bila kupitia kwako.

Usiku usimfuate peke yako na tochi, hasa jike mwenye ndama. Piga simu kwa askari wa wanyamapori. Kukicha, piga picha za uharibifu kabla hujaokota mabaki, kisha uripoti ofisi ya kijiji. Madai ya kifuta jasho, yaani malipo ya serikali kwa mazao yaliyoharibiwa na wanyamapori, huanzia hapo.