Ukiitwa kumhudumia mgonjwa nyumbani hapa Malindi, elewaneni kwanza

Dada zangu na kaka zangu mnaohudumia wazee majumbani, kazi ipo, toka Barani na Maweni mpaka kwa wale Waitaliano wazee wa Casuarina, shida ni vile inavyoanza. Unapigiwa simu "njoo umwangalie mamangu kidogo", ukifika ni mgonjwa wa stroki hajigeuzi, na juu yake upike, ufue nguo za nyumba nzima, ukachukue na watoto skuli.

Kwa hivyo kabla ya hela uliza mgonjwa yukoje. Anatembea? Analishwa? Ni mzito, na kuna mtu wa kukusaidia kumuinua, maana mgongo ukishaumia ndio basi? Na usiku nani anaamka? Hapo pa usiku shikilia sana, mtu wa kitandani hugeuzwa kila masaa mawili hivi asifanye vidonda, sasa ukimgeuza saa nne, saa sita, saa nane, saa kumi, wewe umelala saa ngapi? Hiyo ni kazi na ilipwe, ama aletwe mtu wa zamu ya usiku.

Halafu piga hesabu. Kenya masaa ya kawaida ya mchana ni 52 kwa wiki, siku sita, ya saba unapumzika. Ukiingia saa kumi na mbili asubuhi utoke saa kumi na mbili jioni siku zote saba ni masaa 84, yaani 32 yamezidi, na ovataimu ni mara moja na nusu, siku ya ofu ama sikukuu ni mara mbili. Mshahara wa chini wa Malindi si ule wa Mombasa lakini upo, uulize ofisi ya leba kabla hujataja bei.

Kazi ya miezi mitatu kwenda juu sheria ya ajira ya 2007 inataka mkataba wa maandishi, na kuuandika ni juu ya bosi. Likizo ni siku 21 kwa mwaka, na malipo.

Kazi zikianza kuongezeka usinune, sema kwa heshima: "Mama, bi mkubwa nitamtunza vizuri, ila hizi nguo tutafute mtu ama tuongeze kitu."

Na weka daftari, saa ya kuingia, kutoka, umeamka mara ngapi usiku. Mkishindwana nenda nalo leba pamoja na meseji za M-Pesa, ama KUDHEIHA, chama kinachotetea wafanyakazi wa majumbani, lakini wape kopi tu, orijino ubaki nayo.