Stesheni za Morse zikisongamana, zitandaze masikioni

Bendi (ukanda wa masafa ya redio) ikijaa stesheni za Morse, zile zinazotuma ujumbe kwa milio mifupi na mirefu, usikimbilie kubana filta, yaani kupunguza upana wa masafa inayoyapitisha. Pitisha sauti ya redio kwenye kompyuta, igawe njia mbili: sikio la kushoto lipate zaidi masafa yaliyo chini ya hezi 700 hivi, la kulia yaliyo juu yake. Mpito uwe wa taratibu, usikatike ghafla. Kazi yote iko hapo. Stesheni yenye mlio mzito itasikika kushoto, yenye mlio mwembamba kulia, na kwa unayoitaka utazungusha kitufe cha masafa cha redio mpaka isikike katikati ya kichwa. Inapendeza mno! Filta ya redio iache wazi, walau kilohezi 1, na utumie hedifoni, maana spika huzichanganya tena sauti kabla hazijakufikia.