Fyuzi ya waya imeungua: namna ya kuibadilisha bila kuhatarisha nyumba

Juzi nilifungua boksi la umeme kwenye nyumba ya zamani, zile za kuta nene na dari la mbao, nikakuta msumari wa inchi mbili umekaa mahali pa fyuzi. Mwenye nyumba akaniambia, "Fundi, tangu uwekwe huo hatujasumbuliwa tena." Bila shaka. Fyuzi kazi yake ni kuungua kwanza na kukata umeme; msumari hauungui. Kinachoungua ni waya uliomo ukutani.

Nyumba nyingi za enzi hizo bado zina boksi lenye vishikio vya kauri au bakelaiti, na kila kishikio kimefungwa kipande chembamba cha waya. Mwongozo huu ni wa boksi hizo. Kama lako lina breka za kupandisha na kushusha, haukuhusu.

Kwanza hakikisha ni fyuzi. Tazama Luku, huenda uniti zimekwisha. Chungulia kwa jirani. Kama chumba kimoja kina giza na vingine vinawaka, jaribu balbu nyingine kwanza. Fyuzi ikiungua huondoka na kundi zima: taa zote za upande mmoja, au soketi zote za jikoni.

Chomoa kila kitu kwenye laini iliyokufa. Pasi, birika, friji, chaja, vyote. Kuzima swichi ya ukutani hakutoshi.

Pima testa yako, kile kifaa cha kuonyesha kama kuna umeme, kisha zima meni swichi, yaani swichi kuu ya nyumba. Chomeka testa kwenye soketi ambayo bado ina umeme, uone inawaka. Testa iliyokufa imewadanganya mafundi wengi. Baada ya hapo zima meni swichi na urudi kwenye soketi ileile: isiwake. Vaa ndala za raba, simama pakavu, na tumia tochi, si mshumaa.

Kuna jambo watu hulisahau. Meni swichi hukata umeme kuanzia yenyewe kwenda mbele tu. Nyaya zinazoingia kutoka mita bado zina volti 230, na fyuzi yenye lakiri iliyo upande wa mita ni mali ya TANESCO, usiiguse. Ukifungua mfuniko ukakuta nyaya za raba zinazomeguka kama mkate mkavu, rudisha mfuniko polepole. Hiyo ni kazi ya fundi mwenye leseni.

Toa vishikio kimojakimoja, na usome waya. Hapa mimi hukaa kuliko pengine popote, maana waya husema kilichotokea. Ukikuta umekatika katikati na ncha zake zimebaki, mara nyingi ni mzigo mkubwa, au waya umechoka kwa miaka. Ukikuta umetoweka kabisa, kauri imepakwa masizi na kuna vitone vya shaba, hiyo ni shoti: laivu (waya unaoleta umeme) imegusana na nyutro (unaourudisha) au ethi (wa ardhini). Usirudishe umeme kabla ya kujua ni wapi.

Na usiudharau waya kwa wembamba wake. Ule ulioandikwa ampea 15 huyeyuka ukifika karibu mara mbili ya hapo. Birika la wati 2000, pasi ya 1200 na jiko la koili la 1500 vikiwaka pamoja vinavuta kama ampea 20, na waya wa 15 unaweza kuvumilia muda mrefu bila kukatika. Sasa fikiria ukiweka wa 30.

Kwenye vishikio vya zamani vya mtindo wa Kiingereza kuna nukta ya rangi: nyeupe ni ampea 5, bluu 15, njano 20, nyekundu 30, kijani 45. Fuata nukta, usifuate waya uliouona ndani, kwa sababu hujui nani alitangulia. Dukani omba kadi ya waya wa fyuzi. Mara nyingi ina nyuzi za 5, 15 na 30. Wa ampea 5 una unene wa milimita 0.2, wa 15 ni nusu milimita. Nyuzi zilizochunwa kwenye waya wa pasi, hata ukizisokota vizuri namna gani, si fyuzi.

Baadhi ya vishikio vikongwe vina kipande cheupe kama kitambaa au kamba. Kinaweza kuwa asbesto, ambayo vumbi lake hudhuru mapafu. Usikikwangue wala kukipuliza. Afadhali utafute kishikio kingine.

Funga waya mpya. Legeza skrubu mbili, toa mabaki, pitisha waya njia ileile ya zamani. Uzungushe kwenye skrubu kwa kufuata mshale wa saa, ili unapokaza uvutwe ndani. Usiutandaze kama uzi wa gitaa, uache ulegee kidogo. Kaza kiasi tu. Ukikaza kwa hasira skrubu itauchana, na utakatika kesho bila sababu. Kata mikia.

Rudisha kishikio, funga mfuniko, ndipo uwashe meni swichi. Chomeka vifaa kimojakimoja. Kile kitakachoondoka na fyuzi ndicho chenye kosa. Ikiungua wakati hakuna kilichochomekwa, tatizo limo ukutani: zima, uite fundi.

Onyo kwa nyumba kongwe zaidi: nyingine zina fyuzi kwenye laivu na kwenye nyutro pia. Ya nyutro ikiungua taa hazitawaka, lakini laivu bado ipo kwenye holda ya balbu. Kwa hiyo giza lisikufanye ushike holda kwa mkono.

Nikimaliza hubandika plasta ndani ya mfuniko na kuandika tarehe na kilichoiunguza fyuzi. Kuna nyumba moja nilikuta nimeandika "pasi" mara tatu ndani ya miezi miwili. Pasi yenyewe ilikuwa nzima. Nilipofungua plagi yake, unyuzi mmoja wa laivu ulikuwa umechomoza na kuegemea ethi.